Vumbi la Klachi

Kiswahili kimelimeza gari karibu lote na kuligeuza misemo. Anayechelewa tunamwambia akanyage mafuta. Anayeropoka tunamwomba apige breki. Kiongozi akihama msimamo usiku mmoja, tunasema amebadili gia angani. Usukani tuliutoa kwenye majahazi tukaufunga kwenye gari, kisha tukauhamishia serikalini, ndiyo maana tunauliza nani ameshika usukani wa nchi. Klachi peke yake imeachwa chini ya mguu wa kushoto. Hata hiyo gia ya angani, ukiitazama vizuri, imebadilishwa bila klachi.

Labda ni kwa sababu klachi ikifanya kazi yake sawasawa hakuna anayeisikia. Inatajwa ikianza kufa: gari linanguruma lakini haliendi, kuna harufu ya kitu kuungua, fundi anatikisa kichwa. Hapo ndipo mwenye gari anauliza swali ambalo kila gereji inalijua: hivi klachi inatakiwa ikae muda gani?

Nitalijibu, namba zipo. Lakini swali lililonikaa kichwani ni la pembeni kidogo. Tunasema klachi "imeisha", kama sukari inavyoisha kwenye kopo. Sukari imenyweka. Klachi je, ule unene uliopungua umekwenda wapi?

Kwanza tuelewane kuhusu kifaa chenyewe. Injini ya petroli au dizeli haiwezi kusimama bila kuzimika. Magurudumu, kwa upande wao, lazima yasimame: kwenye taa, kwenye kituo, mbuzi akikatiza barabara. Kwa hiyo kati ya injini inayozunguka muda wote na magurudumu yanayosimama na kuondoka panatakiwa mpatanishi. Kwenye mkia wa injini kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili. Mbele yake inakaa pleti ya klachi, sahani nyembamba iliyovishwa lainingi pande zote mbili, na nyuma yake presha pleti inayoibana kwa springi. Ukikanyaga pedali, pleti inaachiwa. Ukiinua mguu, inabanwa. Baina ya kuachiwa na kubanwa kuna sekunde moja au mbili ambazo upande mmoja unakimbia na mwingine umelala, na haviwezi kwenda sawa mpaka visuguane kwanza.

Umri wote wa klachi umo ndani ya sekunde hizo. Ikishabana kabisa hailiki, kwa sababu hakuna kinachoteleza juu ya kingine. Unaweza kutoka Morogoro hadi Dodoma kwa gia ya juu na klachi isijue kama umesafiri. Lakini zunguka Kariakoo saa kumi na moja jioni, kilomita tatu tu, utakuwa umeila zaidi kuliko safari nzima ya Dodoma. Ndiyo maana kupima umri wa klachi kwa kilomita ni kama kupima umri wa ndoa kwa idadi ya picha.

Naomba mnivumilie kwa hesabu ndogo, fizikia ya sekondari tu. Gari likiondolewa kwenye tambarare, klachi inapoteza kwa joto nguvu inayokaribia kuwa sawa na ile ambayo gari limeipata kwa kusogea. Gari dogo la kilo 1,200 likishikana na injini kwenye mwendo wa kilomita 12 kwa saa, joto hilo ni kama kilojuli 7. Kuchemsha kikombe cha maji cha robo lita, kutoka nyuzi 25 hadi 100, kunataka kama kilojuli 78. Kwa hiyo kila ukiondoka mara kumi na moja au kumi na mbili, umechemsha kikombe cha chai ndani ya kasha la klachi. Basi dogo lenye uzito wa tani 5 na abiria wake, kwa mwendo uleule, linachemsha kikombe hicho kwa kuondoka mara tatu tu. Sasa hesabu vituo kati ya Mbagala na Posta.

Kuna kitu kingine ambacho madereva wa daladala wanakijua kwa mguu hata kama hawajakiandika. Ukiondoka kwa gia namba mbili ili kuokoa muda, klachi inateleza mpaka gari lifikie mwendo mkubwa zaidi, karibu mara mbili, na joto linakua kwa mraba wa mwendo. Kuondoka mara moja kwa namba mbili kunakula kama kuondoka mara tatu kwa namba moja, au zaidi. Na kubalansi kwenye kilima, yaani kulishikilia gari kwa klachi na mafuta badala ya hendibreki, ni mbaya kuliko yote: gari halijaenda popote, kwa hiyo kila tone la nguvu linaloingia klachi linatoka kama joto. Ongeza na wanaopumzisha mguu juu ya pedali kama vile ni kigoda. Presha pleti inalegea nukta chache, pleti inateleza bila dereva kuhisi.

Namba sasa. Klachi ya gari dogo linaloendeshwa kawaida, mjini na safarini, kwa kawaida inatajwa kudumu kati ya kilomita 80,000 na 160,000. Wapo wanaovuka 200,000. Gari la shule ya udereva linaweza kumaliza pleti kabla ya 50,000, na hakuna wa kulaumiwa, ni kazi yake. Watengenezaji wengi wanaihesabu klachi pamoja na breki, vitu vya kulika, ambavyo dhamana ya gari jipya haivibebi vikiisha kwa matumizi. Kinacholika chenyewe ni kidogo ajabu: milimita moja na ushee kila upande wa pleti, kabla ya vichwa vya ribiti kuanza kukwaruza chuma. Maisha yote ya klachi yana unene wa kadi chache za benki.

Unene huo umetengenezwa kwa nini? Hapa historia inaanza kuwa tamu, halafu inakuwa chungu.

Ilianza kwa mafundi viatu. Gari la Karl Benz la 1886 halikuwa na klachi ya pleti. Lilikuwa na mkanda wa ngozi uliosukumwa kutoka kwenye puli iliyozunguka bure kwenda kwenye puli iliyofungwa. Agosti 1888 mkewe, Bertha, alilichukua na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100, bila kumuaga mumewe. Vipande vya mbao vya breki vililika kwenye miteremko, naye akamtafuta fundi viatu njiani avigongomee ngozi. Wanahistoria wengi wanaihesabu ile kuwa lainingi ya kwanza ya breki. Sijui msomaji mwenzangu unaionaje, mimi napenda kwamba tatizo la kwanza kubwa la magari lilitatuliwa na mtu mwenye nyundo ndogo na misumari mdomoni.

Ngozi ikawa ndiyo jibu kwa miaka mingi. Klachi za magari ya mwanzo wa karne ya 20 zilikuwa na umbo la pia: pia ya chuma iliyovishwa ngozi inaingia ndani ya flaiwili iliyochongwa kuipokea. Hata Rolls-Royce 40/50, ile iliyokuja kuitwa Silver Ghost, ilianza hivyo. Ngozi ikikauka klachi inashika ghafla na gari linaruka kama punda aliyechomwa. Dawa yake ilikuwa kuipaka mafuta yaliyochemshwa kutoka miguu ya ng'ombe, au mafuta ya nyonyo. Ikizidi mafuta inateleza, basi inanyunyiziwa udongo mkavu wa kunyonya. Mwenye gari alikuwa na kazi ya kutunza kipande cha mnyama.

Mwaka 1897, Derbyshire, katikati mwa Uingereza, mtu aitwaye Herbert Frood aliona jinsi wenye mikokoteni ya farasi walivyofunga buti kuukuu kwenye breki ili washuke milima. Viatu tena. Akaenda kwenye banda la bustani yake akaanza kutengeneza kitu bora kuliko buti, tabaka za kitambaa zilizoshindiliwa na kulowekwa gundi. Alichanganya herufi za jina lake, akaongeza E ya mkewe, Elizabeth, akapata Ferodo, jina ambalo mpaka leo lipo kwenye maboksi ya spea. (Sisi tulikwenda njia ya kurudi. Tairi likiisha tunalikata makatambuga. Wao walichukua kiatu wakakipa gari, sisi tukachukua gari tukalirudisha kuwa kiatu.)

Kitambaa kilikuwa na kasoro moja, kiliungua. Magari yaliongezeka uzito na kasi, na joto la vikombe vya chai likageuka la masufuria. Mwaka 1908 Frood akaanza kutumia asbesto.

Asbesto ni jiwe linalofumka kuwa nyuzi. Unaweza kulisokota kama pamba na kulifuma kama kanga, halafu ukalitia motoni lisiungue. Kwa mtu anayetafuta kitu cha kusugua chuma na kisiungue, ilikuwa kama imeumbwa kwa ajili yake. Ikachanganywa na gundi na nyuzi za shaba, ikashindiliwa, ikatobolewa, ikapigwa ribiti kwenye pleti. Ngozi ikaaga. Klachi ambazo mababu zake zilidai mafuta kila wiki zikaanza kudumu miaka. Tukiuliza klachi inatakiwa ikae muda gani, matarajio yetu yenyewe yalijengwa na jiwe hilo.

Katikati ya miaka ya 1920 Ferodo ilinunuliwa na Turner & Newall, kampuni kubwa ya asbesto ya Uingereza. Katika miaka hiyohiyo kampuni hiyo iliingia kwenye migodi ya asbesto nyeupe ya Rhodesia Kusini, kule Shabani, mji ambao leo unaitwa Zvishavane. Kwa hiyo mwenye shimo, mwenye kiwanda cha kusokota na mwenye lainingi alikuwa mmoja.

Na kiwanda cha kusokota kilikuwa na Nellie Kershaw. Alifanya kazi kwenye mashine za Turner Brothers mjini Rochdale, akisokota nyuzi za asbesto. Alifariki Machi 1924 akiwa na miaka 33. Daktari aliyechunguza mapafu yake, William Cooke, alikuta chembe za madini ndani yake, akaandika kwenye jarida la madaktari wa Uingereza mwaka huohuo. Baada ya miaka mitatu aliandika tena, na ugonjwa ukapata jina, asbestosisi. Nellie alipokuwa bado hai, mgonjwa na bila kipato, kampuni ilikataa kumlipa fidia. Hoja yake ilikuwa kwamba asbesto si sumu, na kwamba kulipa mmoja ni kufungua mlango kwa wengine. Serikali ilifanya uchunguzi, kanuni zikatungwa mwaka 1931. Zilihusu viwanda vya kuchakata asbesto. Gereji hazikuguswa.

Kutoka hapo nahamia kwetu, kwenye barabara ambayo kila mtu wa Iringa na Mbeya anaijua.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia kwa niaba ya walowezi wachache. Zambia, ambayo mafuta yake yalikuwa yakipita Rhodesia, ilijikuta imekabwa koo. Njia iliyobaki ilikuwa kaskazini, kuja Dar es Salaam. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, na kurudi na shaba. Barabara kwa sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Masika ilikuwa tope, kiangazi vumbi la kuzika gari la mbele. Waandishi wa Kiingereza waliiita Njia ya Jehanamu. Bomba la TAZAMA lilianza kusukuma mafuta hadi Ndola mwaka 1968, lami ikafuata, kisha reli. Kabla ya hapo, nchi nzima ilikuwa inategemea klachi za malori.

Waliosoma historia ya ukombozi wanalijua jina la kila rais wa kipindi hicho. Mimi huwa nafikiria Kitonga. Fikiria lori lenye trela, limejaa, limesimama kwenye mlima ule kwa sababu la mbele limekwama. Kuliondoa tena, dereva anainua mguu taratibu huku injini ikilia, pleti inateleza sekunde tano, sita, kumi, moshi unatoka chini. Akifika Iringa, au asipofika, kuna fundi na utingo wake wanalala chini ya gari, wanashusha giaboksi, na vumbi jeusi linawadondokea usoni.

Sasa tazama jambo hili. Tarehe 16 Desemba 1966 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 232, vikwazo vya lazima dhidi ya Rhodesia. Kwenye orodha ya bidhaa ambazo dunia ilikatazwa kununua kutoka huko, pamoja na tumbaku, sukari, chuma na shaba, imo asbesto. Yaani moja ya nguzo za uchumi wa Smith ilikuwa malighafi ya lainingi. Malori yaliyokuwa yakipanda Kitonga ili Zambia isipigishwe magoti na Rhodesia yalipanda kwa pleti za asbesto, enzi ambayo karibu kila lainingi duniani ilikuwa ya asbesto, na shimo mojawapo kubwa la jiwe hilo lilikuwa chini ya bendera ya Smith. Hakuna shairi la ukombozi nililowahi kusoma lenye kinaya kama hicho.

Juzi nilimtembelea fundi mmoja Ilala, mzee wa miaka sitini na kitu, aliyeanza kama utingo wa gereji akiwa kijana. Nilimsalimu, shikamoo mzee, nikamuuliza kuhusu lainingi za zamani.

"Zile zilikuwa ngumu, mwanangu," akasema. "Siyo hizi za sasa. Lakini zamani hatukununua pleti nzima. Pleti yenyewe unabaki nayo, unabandua lainingi iliyoisha, unapiga mpya kwa ribiti."

"Mlikuwa mnazitoboa wenyewe?"

"Unatoboa, unapiga tupa pembeni ikae sawa. Halafu unapuliza."

"Unapuliza na nini?"

Akanitazama kama vile nimemuuliza mtu ananywa maji na nini. "Kwa mdomo. Upepo wa mashine ulikuwa wa matajiri."

Wanasayansi wamebishana sana kuhusu vumbi la breki na klachi. Joto la msuguano linazigeuza nyuzi nyingi za asbesto nyeupe kuwa madini mengine yasiyo na ukali uleule, na tafiti kadhaa za mafundi wa breki hazikuonyesha ongezeko la wazi la saratani ya utando wa mapafu. Mawakili wa makampuni wamezitumia tafiti hizo vizuri mahakamani. Lakini hoja hiyo inahusu vumbi la lainingi iliyokwisha kuungua. Kutoboa na kupiga tupa lainingi mpya ni jambo jingine, nyuzi hapo ni mbichi. Na tafiti nyingi zilifanyika kwenye gereji za nchi ambako pleti iliyoisha ilitupwa ikawekwa nyingine. Mzee wa Ilala na wenzake, waliokaa na tupa miaka ishirini, hawamo kwenye hesabu hizo.

Uingereza ilipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999, Umoja wa Ulaya wote ukafuata kufikia Januari 2005. Turner & Newall ilinunuliwa na kampuni ya Kimarekani, Federal-Mogul, mwaka 1998, na mwaka 2001 mzigo wa madai ya wagonjwa uliipeleka kampuni hiyo mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika. Marekani yenyewe ilisubiri hadi Machi 2024 kupiga marufuku matumizi yaliyobaki ya asbesto nyeupe, zikiwemo lainingi za spea. Ndiyo, 2024. Miaka mia kamili tangu Nellie Kershaw.

Lainingi za siku hizi ni nyuzi za kioo, aramidi, shaba na gundi. Zinadumu vizuri, namba nilizotoa juu ni zao. Boksi la maana litaandikwa kwamba halina asbesto. Boksi lisilo na maandishi, au lenye jina lililokosewa herufi moja, sina la kuliambia.

Wakati tunaongea, kijana wake alikuwa ameshusha giaboksi ya pikapu. Ndani ya kasha kulikuwa na vumbi laini kama masizi ya chungu. Akaufuata mpira wa upepo. Nilimwuliza mzee kama hawawezi kulifuta kwa kitambaa kibichi, maana hivyo ndivyo inavyoshauriwa hata kwa lainingi mpya.

"Tunaweza," akasema. Akamwita kijana, "We, lete maji kwanza." Kijana akaleta maji kwenye chupa, akatuangalia wote wawili, akauliza, "Ya kunywa?"